Pengwini wa Rasi na Nyumba Waliyonyang'anywa

Mwishoni mwa mwaka 1497, miezi kadhaa kabla ya kuonekana Mombasa na Malindi, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika ghuba iitwayo leo Mossel Bay, Afrika Kusini, na mwandishi wa safari ile akaeleza habari za ndege wenye ukubwa wa bata, wasioweza kuruka, waliao kama punda, ambao mabaharia waliwaua kadiri walivyotaka.

Hata hivyo, si mabaharia waliowahilikisha ndege hao, ambao ndio pengwini wa Rasi. Ndege huyu alizoea kuchimba shimo la kutagia ndani ya kinyesi cha ndege kilichorundikana visiwani tangu dahari, kikashikamana hata kikawa ngome ya kumsitiri na jua. Katika miaka ya 1840, ilipodhihirika Ulaya kwamba samadi ile hunawirisha mashamba, merikebu kwa mamia zilimiminika kisiwani Ichaboe, pwani ya Namibia, zikaikomba hadi mwamba ukabaki uchi. Visiwa vya pwani ya Afrika Kusini navyo havikusalimika. Mayai pia yaliokotwa kwa mamilioni kuwa kitoweo, na biashara hiyo haikukoma hadi miaka ya 1960. Lakini naona dhuluma ya kwanza ilizidi ya pili, kwa kuwa aliyenyang'anywa yai aghalabu hutaga jingine, bali aliyebomolewa nyumba hutaga juani, na kila yai litakalofuata limo hatarini.

Hatari hiyo huonekana waziwazi katika ufuo wa Boulders, karibu na mji wa Simon's Town, Afrika Kusini, ambako pengwini walianza kutaga katika miaka ya 1980. Mgeni hupita juu ya njia ya mbao, na akiinama humwona ndege amelala kifudifudi chini ya kichaka, mdomo wazi kwa kuhema, tumbo limefunika mayai mawili, na juu ya jicho kipande cha ngozi ya waridi ambamo damu hupita ipate kupoa. Mume na mke hupokezana zamu kwa muda wa siku 40 hivi. Joto likimshinda aliye zamu, hukimbilia majini, na shakwe hawachelewi.

Mwaka 2024 pengwini huyu alitiwa katika daraja la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka, na sababu kubwa ya siku hizi ni uhaba wa dagaa. Kuhusu nyumba, wahifadhi waliwahi kujaribu viota vya nyuzi za kioo, vikawa na joto kupita kiasi. Sasa wanaweka viota vya kauri, vyenye kuta mbili na matundu ya hewa.