Kansere ya ziwa: kipande cha nyama kilipodanganya madaktari

Mama wa Kasongo au Kabambare akikatwa uvimbe wa ziwa, kipande chake kinapaswa kusafiri mbali kwenda maabara kubwa kupimwa. Kila mtu anaijua barabara.

Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa Glasgow, aliandika kwamba alipotoa ovari za wanawake wenye kansere ya ziwa, uvimbe ulinywea. Sababu haikujulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chicago aligundua kwamba homoni ya kike, estrojeni, inashikwa na protini maalumu mwilini: kipokezi. Uvimbe wenye kipokezi hicho hulishwa na homoni. Kidonge cha tamoksifeni huenda kukaa pale pale, na homoni inakuta kiti kimeshachukuliwa.

Mwaka 1975, Kathryn Horwitz na William McGuire, huko Texas, walisema jambo zuri zaidi. Protini ya pili, kipokezi cha projesteroni, hutengenezwa kwa amri ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ya pili ikionekana, ni shahidi kwamba ya kwanza haijalala. Mwaka 1987 Dennis Slamon akaonyesha ya tatu, HER2: ikizidi, ugonjwa hurudi haraka. Dawa yake ilikubaliwa Marekani mwaka 1998, na bei yake si ya maskini.

Kwa miaka mingi ripoti kadhaa zilidai kwamba wanawake wengi wa Afrika hawana vipokezi hivyo. Aina isiyo na chochote kati ya vitatu ipo kweli, hasa Afrika Magharibi. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Kenya, wakiongozwa na Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, waliuliza kama ni kweli kwa wote. Vipande vilipotunzwa vizuri, karibu wagonjwa 7 kati ya 10 walikuwa na kipokezi cha estrojeni.

Nyama ikichelewa kutiwa dawa ya formalini, protini huharibika, na kipimo kinasema "hakuna". Hapo mama ananyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemsaidia.

Kanuni inataka kipande kiingie formalini ndani ya saa 1, kikae humo saa 6 hadi 72 kabla ya kushughulikiwa maabarani. Saa 72 ni siku 3. Wakati wa mvua, kwa pikipiki, siku 3 kutoka Kabambare si nyingi.