Askari 31, Mpagazi Hata Mmoja

Kuna boksi la viatu chini ya kitanda changu hapa Homa Bay lenye askari 31, na kwa miezi mitatu sikulifungua. Kama hujui hii hobi, iko hivi: unachukua sanamu za askari zisizozidi urefu wa kidole, unazipaka rangi moja moja kwa brashi nyembamba, halafu wewe na beste yako mnapigana vita mezani kwa rula na dadu. Wasee wakiona wanasema ni mchezo wa watoto. Sawa tu. H. G. Wells, yule mwandishi Mwingereza, alichapisha sheria za mchezo wake katika kitabu kiitwacho Little Wars mwaka 1913, na alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na vikafika mpaka kwetu.

Hapo kwa "kwetu" ndipo mimi niliingilia. Wengi kwa hii hobi hupaka Warumi, jeshi la Napoleon ama majitu ya anga za juu. Mimi nilitaka vita vilivyopitia Karungu.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande ambao leo ni Tanzania. Wakachukua Karungu, bandari ndogo ya ziwa ambayo sasa iko kaunti ya Migori, wakapanda hadi mji wa Kisii. Waingereza wakaleta askari wa King's African Rifles kwa meli kutoka Kisumu, wakawashusha Kendu Bay, kutoka hapo ni miguu hadi Kisii. Tarehe 12 Septemba wakapigana huko milimani kutwa nzima. Kapteni Thorne, aliyewaongoza KAR, akauawa. Jioni KAR wakarudi nyuma kwa sababu risasi zilikuwa zinaisha. Na Wajerumani? Maafisa wao wengi walikuwa wameumia ama kufa, kwa hivyo nao wakaondoka. Yaani pande zote mbili zilitoroka vita vimoja! Kule Karungu meli ya Wajerumani, Muansa, ikaifukuza Winifred ya Waingereza, kisha Winifred ikarudi na mwenzake Kavirondo, Muansa ikaona heri iende. Waliolipa ni wenyeji wa Kisii, walionyang'anywa mifugo kwa sababu watu walipora mji wakati serikali ilikuwa imehepa.

Kwa mchezo wa mezani hii ni stori tamu sana. Shida ni kaki.

Askari wa KAR: kaki. Askari wa Wajerumani: kaki. Wote Waafrika, wote na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, wote na vitambaa vimezungushwa miguuni. Ukisimama mita moja huwezi kuwatofautisha, ila wengi wa KAR walikuwa peku. Nilifurahia kitu kimoja tu: Wajerumani wengi bado walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871 zinazotoa moshi mzito, kwa hivyo nikawabandikia pamba kwenye midomo ya bunduki. Pamba ilipokwisha, hamu nayo ikaisha.

Nilijaribu ushauri wote. Paka kumi kumi badala ya mmoja mmoja. Weka saa ya dakika 15 kila jioni. Acha brashi mezani uione. Piga picha, watu wakusifu. Sitakudanganya, ule wa dakika 15 ulinisaidia kwa wiki moja. Lakini ushauri wote huo unachukulia kwamba shida ni uvivu, na mimi sikuwa mvivu. Nilikuwa nimechoka kupaka watu nisiowajua.

Aprili nikaenda kumwona dani Nyatike. Nilikuwa nimebeba lile boksi, nikamwonyesha nikidhani atacheka. Akavaa miwani, akawashika mmoja mmoja, akawapanga kwenye meza ya chai. Kisha akaniuliza: "Nyakwara, na wale wa mizigo wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia ndugu ya babu yake alichukuliwa kwenda Kariokor, na hakurudi. Hakuna barua, hakuna mwili. Kwetu Waluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, familia huzika tunda la yago badala yake, lile refu zito la mti wa mwegea, kwa sababu mtu lazima awe na kaburi nyumbani. Nilikuwa nimepita kando ya hilo kaburi tangu utotoni bila kujua ndani kuna tunda.

Nikarudi kusoma, safari hii nikitafuta wapagazi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zimetokana na Carrier Corps, kikosi cha kubeba mizigo. Mbung'o walikuwa wanaua farasi na ng'ombe wa kukokota, kwa hivyo jeshi lilibebwa kwa vichwa vya watu: risasi, unga, mahema, wagonjwa. Mwanzoni wengine walienda kwa hiari, lakini kufikia 1917 ilikuwa kukamatwa tu, na Nyanza ilitoa watu wengi mno. Wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara, malaria, nimonia, unga ulioiva nusu. Rekodi za Waingereza zenyewe zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanasema idadi halisi inaweza kufika mara mbili ya hiyo. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao.

Na vikosi vilihitaji wapagazi wengi kuliko askari. Jeshi langu la askari 31 na mpagazi sufuri halingefika hata Rongo.

Kwa hivyo nikaanza kuwatengeneza mwenyewe, kwa waya, karatasi ya choo na gundi nyeupe. Hapa ndipo hamu ilirudi, na sikuitegemea. Mpagazi hana sare, hakuna picha kwenye boksi ya kukuambia umpake vipi. Huyu ana blanketi la kijivu, yule ana kipande cha gunia. Mmoja nimempa sufuria nyeusi kichwani. Lazima niamue kwa kila mmoja, na ukiamua mtu amevaa nini huwezi tena kumpaka ukiwaza kitu kingine. Dakika 15 zimekuwa saa mbili, dani akipiga simu kuuliza nimefika wangapi.

Nimefika 22. Nataka 60.

Beste yangu hakupenda sheria mpya niliyoweka: kikosi kisicho na wapagazi karibu hakipigi risasi baada ya zamu ya tatu. Anasema inaharibu mchezo, vita vinaisha bila mshindi. Nikamwambia Kisii iliisha hivyo hivyo. Tulicheza Jumamosi. Akapanga bunduki zake zote mbele, na zamu ya nne zikanyamaza. Alikaa akiangalia meza, kisha akaniuliza kama yule wa blanketi la kijivu anaweza kukimbia.

Mpagazi wa 23 bado ni waya. Huyo dani amesema nimngoje, atanieleza mwenyewe jinsi alivyovaa.