Mpeasi wa mapambo chunguni

Mpeasi wa mapambo ni mti wa jenasi Pyrus unaopandwa kwa ajili ya maua, majani au umbo lake. Matunda yake ni madogo, magumu na yenye ukakasi. Ndege huyafurahia, watu hawayali. Aina mbili ndizo zinazokutwa zaidi kwenye roshani na nyua za Ulaya na Amerika Kaskazini: mpeasi-fedha (Pyrus salicifolia), wenye asili ya Kaukazi, Uturuki na Iran, na mpeasi wa Callery (Pyrus calleryana) wa China na Vietnam. Ukiwa chunguni, mti huu hutunzwa kwa kufuata mambo mawili yanayopingana: matawi yake yanahitaji baridi ili yachanue, lakini mizizi iliyofungiwa kwenye chombo huumizwa na baridi hiyohiyo.

Kuchagua mche

Kwa chungu, mpeasi-fedha wa namna ya 'Pendula', ambao matawi yake huinama hadi chini, ndio chaguo bora. Majani yake membamba yamefunikwa na malaika meupe yanayoyapa rangi ya fedha, na hata ukipandwa ardhini hukua taratibu na kuishia takriban mita 5. Umaarufu wake Uingereza uliongezwa na Bustani Nyeupe ya Sissinghurst, Kent, iliyobuniwa na mwandishi Vita Sackville-West.

Mpeasi wa Callery una historia ya kutatanisha. Mbegu zake zilipelekwa Marekani kwa wingi katika miaka ya 1910, na miongoni mwa waliozikusanya China alikuwa Frank Meyer, mtafuta mimea wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Lengo halikuwa urembo: ulitakiwa mti wa kubebeshea mapeasi ya kula, wenye kustahimili bakteria waliokuwa wakiangamiza mashamba. Mwaka 1963 wizara ilitoa namna ya 'Bradford', na mitaa mingi ikajaa maua meupe. Kasoro zilijitokeza baadaye. Matawi yake hupachana kwa pembe nyembamba na kupasuka kwenye dhoruba, maua yananuka kama samaki aliyechacha, na mti ukichavushwa na namna nyingine ya Callery huzaa mbegu ambazo ndege huzisambaza hadi maporini. Ohio ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2023. Pennsylvania na South Carolina zikafuata mwaka 2024. Kuuweka chunguni hakuondoi tatizo hilo, maana ndege hawabagui tunda la chunguni na la ardhini. Hata hivyo, ugumu wa mti huu hauna shaka: mmoja ulitolewa kwenye vifusi vya World Trade Center, New York, Oktoba 2001, ukiwa umeungua na kuvunjika, ukauguzwa kitaluni na kurudishwa mahali pake mwaka 2010.

Chungu, udongo na maji

Chombo chenye upana na kina cha sentimita 45 hadi 60 kinatosha kwa miaka mingi, mradi kiwe na matundu chini na kiinuliwe kidogo kutoka sakafuni ili maji yasituame. Mche mdogo usitumbukizwe moja kwa moja kwenye chombo kikubwa, kwa sababu udongo usiofikiwa na mizizi hubaki umelowa na kuchacha. Udongo uwe wa tifutifu halisi uliochanganywa na mboji na changarawe kidogo. Mchanganyiko wa mboji tupu ni mwepesi: hushuka baada ya mwaka mmoja, na upepo huuangusha mti pamoja na chungu chake. Mahali mti ulipobebeshwa, panapoonekana kama fundo kwenye shina, pabaki juu ya udongo.

Miti mingi ya chunguni hufa kwa maji, ama kwa kukosa ama kwa kuzidishiwa. Ratiba haisaidii, kidole ndicho kipimo. Udongo ukiwa mkavu kwa kina cha sentimita 5, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha acha. Kiangazi cha Ulaya huweza kudai maji kila siku, wakati majira ya baridi hutosha kuhakikisha kwamba udongo haukauki kabisa. Mvua isimdanganye mtunzaji, kwani majani mazito hugeuka mwavuli na chungu kikabaki kikavu chini yake.

Mbolea inayoyeyuka polepole hutiwa mara moja, majira ya kuchipua yanapoanza, pamoja na kubadilisha udongo wa juu kwa kina cha sentimita 5 hivi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu mti hutolewa chunguni ukiwa umelala, yaani umeacha kukua kwa sababu ya baridi, mizizi inayozunguka pembeni hukatwa, na udongo mpya hujazwa. Kazi hii wengi huikwepa, na mti uliokwepwa hujulikana kwa majani madogo na maji yanayopita pembeni bila kulowesha kitu.

Baridi

Ardhini mizizi hukingwa na udongo ulioizunguka. Chunguni sakitu huingia kutoka kila upande. Hivyo kinachofunikwa kwa magunia au plastiki yenye viputo ni chungu, si matawi. Kuuingiza mti sebuleni penye joto ni kosa kubwa zaidi kuliko kuuacha nje, kwa sababu machipukizi ya maua hayafunguki vizuri bila mamia ya saa za baridi ya karibu nyuzi 0 hadi 7 za Selsiasi.

Kupogolea na magonjwa

Matawi yaliyokufa na yanayosuguana hukatwa mti ukiwa umelala. Kwa 'Pendula', yapunguzwe yale ya ndani, la sivyo mti hugeuka kichaka kisichopitisha hewa. Maotea yanayotoka chini ya fundo la kubebeshea yang'olewe mapema, kwani ni ya mti mwingine na yataushinda nguvu ule wa mapambo.

Tawi linaloonekana kama limechomwa moto, ncha ikiwa imejipinda, ni dalili ya bakteria Erwinia amylovora. Likatwe sentimita 30 au zaidi chini ya sehemu iliyougua, na mkasi upanguswe kwa spiriti kila baada ya mkato. Madoa ya rangi ya chungwa kwenye majani ni kutu, ukungu ambao hukamilisha maisha yake kwenye junipa, miti ya jenasi moja na mwangati wa Usambara. Vidukari huondolewa kwa maji ya sabuni.

Afrika Mashariki

Mapeasi ya kula hulimwa Lushoto, kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, na mpeasi wa mapambo unaweza kujaribiwa katika mazingira ya namna hiyo. Dar es Salaam au Mombasa hakuna usiku wenye baridi ya kuulaza mti. Huko utatoa majani kwa vipindi visivyolingana na maua machache au pasipo ua kabisa, hata ukimwagiliwa na kutiwa mbolea ipasavyo.