Vyumba vya Mazungumzo Visivyo na Majina: Siri Yako Iko Salama Kiasi Gani?



Tumekuwa tukiulizwa kuhusu vyumba vya mazungumzo vya muda katika intaneti: mtu anafungua chumba bila kujisajili, anamtumia mwenzake kiungo, wanazungumza, kisha chumba kinafutika. Je, ni mahali pa kuweka siri ya ndoa, ya maradhi au ya familia?

Vinavyofanya kazi

Vyumba bora husimba ujumbe kabla haujatoka kwenye simu yako, ili mwenye seva asiweze kuusoma. Katika vingi vya aina hiyo ufunguo umo ndani ya kiungo chenyewe, baada ya alama ya #, sehemu ambayo kivinjari hakiipeleki kwenye seva. Maana yake ni kwamba kila aliye na kiungo ana ufunguo. Ukikituma kwenye kundi la WhatsApp, umewafungulia mlango wote waliomo.

Visivyoweza kukuficha

Kutotaja jina si sawa na kutojulikana. Seva huona anwani ya IP ya simu yako, na kampuni ya mtandao huona kuwa umeingia huko. Wala kufutika kwa ujumbe hakumzuii aliye upande wa pili kupiga picha ya skrini, au kuipiga picha simu yake kwa simu nyingine.

Usimbaji nao unaweza kuwa na kasoro. Mwaka 2013 mtaalamu Steve Thomas alionyesha kwamba funguo za mazungumzo ya kikundi katika programu ya Cryptocat zilikuwa dhaifu, na kwamba yaliyozungumzwa kwa zaidi ya mwaka mzima yaliweza kufunguliwa. Watumiaji walikuwa wakidhani wamo salama.

Hatari nyingine ni ya mtu usiyemjua. Omegle, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilikuwa ikiwaunganisha wageni bila kujisajili. Ilifungwa Novemba 2023, baada ya kesi ya mwanamke aliyeunganishwa humo na mdhalilishaji alipokuwa na umri wa miaka 11. Wazazi walizingatie hilo.

Mtazamo wa kisheria

Kuficha jina ili kuuliza jambo la dini hakuna ubaya. 'Aliy bin Abi Twaalib (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliona haya kumuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuhusu madhii, akamtuma Al-Miqdaad amuulizie, kama ilivyopokelewa na Al-Bukhaariy na Muslim.

Ama anayepewa siri, amebeba amana. Katika Hadiyth ya Jaabir iliyopokelewa na Abu Daawuud na At-Tirmidhiy, mtu akizungumza kisha akageuka kutazama huku na huku, maneno yake ni amana. Hakusema "usimwambie mtu". Ishara tu ilitosha. Tunaona kwamba anayekuchagulia chumba kinachofutika ameonyesha wazi zaidi kuwa hataki maneno yake yatoke. Kumpigia picha ya skrini na kuisambaza ni khiyana, hata kama hujui jina lake. Na anayeingia kwa kiungo kisicho chake ili asikilize ameingia kwenye tajassus iliyokatazwa katika Suwrat Al-Hujuraat, aya ya 12.

Jina la bandia pia halihalalishi kusengenya, wala mazungumzo ya faragha ya mahaba baina ya mwanamume na mwanamke asiye mahram wake. Waandishi wawili wa amali hawahitaji anwani ya IP.

Nasaha zetu

1. Usiandike jina, mtaa, shule wala namba ya simu, yako au ya mwenzio.
2. Kiungo mpe mhusika peke yake, na kila mazungumzo yawe na chumba kipya.
3. Usitume picha ambayo ikivuja itamvunjia mtu heshima.
4. Siri ya mwenza wako wa ndoa si yako peke yako. Ukiuliza, taja kinachohitajika kwa jibu tu.
5. Jambo zito, kama talaka au dhuluma nyumbani, lipeleke kwa mtu mwaminifu unayemjua: shekhe, mzazi au daktari.

Chombo kinaweza kufuta maneno. Kuyatunza ni kazi ya aliyeyasikia.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.