Kidude cha Kidole

Nilipoanza uuguzi huku Taita, oksijeni ya damu tuliipima kwa macho. Mtoto wa nimonia akiletwa, unamsogeza dirishani, unamfungua mdomo, unatazama ulimi na fizi kama zimekuwa za buluu. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria huenda buluu hiyo asiionyeshe kabisa. Na mtungi wa oksijeni ukiwa mmoja, macho yako ndiyo yaliyoamua nani awekewe.

Kumbe Japani walishapata njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden, alikuwa akipima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kumulika sikio. Mapigo yakamvurugia vipimo. Akihangaika kuyaondoa, akang'amua kwamba kinachodunda pale ni damu ya ateri, ile hasa inayotakiwa kupimwa. Ngozi na nyama vimetulia tu. Kero ikageuka kipimo, akaiwasilisha kazi yake mwaka 1974.

Kidude cha kidole kilichotokana na kazi hiyo hupitisha mianga miwili kidoleni: mwekundu wa nanomita 660 hivi, na mwingine wa 940 hivi usioonekana kwa jicho. Damu yenye oksijeni huuacha mwekundu upite, iliyoikosa huumeza. Kutokana na uwiano wa mianga hiyo inatoka namba ya asilimia, na mtoto akiwa chini ya 90 tunafungua oksijeni.

Kilipofika wodini, vijana wakakiamini kuliko mgonjwa. Hapo tunakosana. Kule Wesu, milimani, asubuhi ya Julai vidole ni barafu na namba inarukaruka, sugua kwanza. Bibi harusi wa Voi mwenye piko kwenye kucha, kigeuze kidude kimbane kidole ubavuni. Ninachokiogopa zaidi ni jiko la makaa linalolala chumbani pamoja na watu: kaboni monoksidi hushika hemoglobini, kidude kikadhani ni oksijeni, kikaandika 98 kwa mtu anayekufa.

Tena kuna ngozi yetu. Desemba 2020, watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha kwamba kwa wagonjwa weusi kidude kilikosa kuuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Melanini nayo humeza mwanga, na kwa miaka mingi vifaa hivi vilirekebishwa kwa kupimwa hasa kwa watu weupe.

Basi kijana akiniambia, "Sista, huyu ana 92, yuko sawa," namuuliza kwanza: umemhesabia pumzi?