Kotikule
Kotikule ni jiwe la manjano hafifu kutoka milima ya Ardennes, Ubelgiji, karibu na Vielsalm, na ni miongoni mwa vinoo bora kabisa vya wembe wa kukunja. Nguvu yake imo katika chembe ndogo mno za ganeti, madini magumu yanayokula chuma. Mnoaji hulilowesha, hulisugua kwa kijiwe mpaka litoe uji kama maziwa, kisha huulaza wembe bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, na kuusukuma makali yakitangulia. Uji huongezwa maji kidogo kidogo ili mikwaruzo ipungue; hapa mkono mzito huharibu kazi yote. Mwishowe wembe hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, la sivyo ngozi hukatika. Wengine huupaka mkanda oksidi ya kromiamu, unga wa kijani wa kung'arishia.