Namba Iliyo Ubavuni mwa Kebo

Kebo ya koaksia ina moyo wa shaba katikati, kihami kinachouzunguka, na ganda la metali nje. Ubavuni huandikwa namba: omu 75 kwenye waya wa antena ya televisheni, omu 50 kwenye ule wa redio za mawasiliano. Hiyo ndiyo impidansi yake, yaani uwiano wa volteji na mkondo katika wimbi linalosafiri ndani yake, kebo iwe fupi au ndefu. Lakini namba hiyo ni ya kweli kwa masafa ya juu tu. Masafa yakishuka, impidansi hupanda, na walioonja kwanza uchungu wa tabia hiyo ni mafundi wa telegrafu ya baharini, ambayo alama zake zilikuwa za masafa ya chini.

Kebo zao zilikuwa na umbo hilohilo: shaba ndani, utomvu mgumu wa gutapacha juu yake, kisha nyaya za chuma na maji ya bahari. Agosti 1858 kebo ya kwanza kuvuka Atlantiki iliunganisha Valentia, Ireland, na Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan wa Marekani, maneno 98, zilichukua saa 16 kufika. Alama zilizoingia zikiwa kali upande mmoja zilitokea upande wa pili zimetanda na kumezana. Wildman Whitehouse, msimamizi wa umeme wa mradi, aliona dawa ni kuongeza nguvu, akatumia takriban volti 2,000. Kihami, ambacho tayari kilikuwa na kasoro, kikazidi kuharibika, na baada ya wiki chache kebo ikafa.

Inasikitisha kwamba jibu lilikuwepo. Mwaka 1855 mwanafizikia William Thomson alikwisha kuonyesha, kwa hesabu za kusambaa kwa joto, kwamba ukinzani wa shaba na uwezo wa kihami kuhifadhi chaji ndivyo vinavyochelewesha alama, na kwamba urefu ukizidishwa mara mbili ucheleweshaji huwa mara nne. Kilichohitajika ni shaba nene, kihami kinene na chombo chepesi kuhisi cha kupokelea. Kwa maarifa hayo kebo ya 1866 ilidumu, na mwaka 1879 nyingine ikashuka kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji na Durban.

Picha ya Thomson haikuwa na indaktansi, yaani usumaku ambao mkondo huuzalisha na ambao hupinga mabadiliko ya mkondo huohuo. Oliver Heaviside, fundi wa telegrafu aliyeacha kazi mwaka 1874 na ambaye hakupita chuo kikuu, aliiingiza katika hesabu zake mwaka 1876. Miaka kumi baadaye alibuni jina la impidansi. Kazi yake ndiyo iliyofumbua jambo zima. Katika masafa ya chini ukinzani wa shaba hutawala, na masafa yakipanda mara nne impidansi hupungua nusu. Katika masafa ya juu nguvu ya indaktansi na hamu ya kihami kunywa mkondo hukua kwa kiwango kimoja, hivyo masafa hujifuta katika hesabu. Kinachobaki ni uwiano wa vipenyo na aina ya kihami. Kebo nyembamba ya omu 50 ikipimwa kwenye kilohezi 1 huonyesha karibu omu 280. Hutulia kwenye namba yake baada ya kupita kilohezi 100 hivi. Huko juu mkondo hukimbilia ngozi ya shaba. Hilo huongeza upotevu wa nguvu, lakini impidansi huigusa kidogo tu.

Heaviside aliomba hataza ya kebo ya koaksia mwaka 1880, ila matumizi makubwa yalisubiri Lloyd Espenschied na Herman Affel wa Marekani, walioomba hataza yao mwaka 1929. Kebo ya majaribio kati ya New York na Philadelphia mwaka 1936 ilibeba mazungumzo 240 kwa pamoja. Njia za kibiashara zilizofuata mwaka 1941 ziliyaweka mazungumzo juu ya takriban kilohezi 60, mahali impidansi ya kebo hizo ilipokuwa imekwisha kutulia, na moyo uleule wa shaba ukapitisha umeme wa hezi 60 kulisha vikuza ishara vya njiani. Wahandisi walijua pia kwamba kebo yenye hewa ndani hupoteza nguvu kwa kiwango cha chini kabisa pale ganda linapokuwa na kipenyo mara 3.6 ya moyo wake. Kebo ya namna hiyo ina omu 77, jirani kabisa na 75 za waya wa antena.